Kipande Kimoja, Watu Watatu

Mwaija binti Mhina alizaliwa Kwedizinga, wilaya ya Handeni, katika mwaka ambao mama yake aliukumbuka kwa njaa tu. Kabla hajaona shule, treni wala daktari, alikwisha kumjua tarishi wa kodi. Kofia za matarishi zilipoonekana kwenye njia ya kisimani, wanaume wa kijiji walitoka kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, bila kukimbia, wakaingia porini. Wanawake waliendelea na kazi zao. Mama yake aliulizwa mume yuko wapi huku akisonga ugali, naye alijibu bila kuinua uso kwamba amekwenda Pangani kutafuta kibarua. Ugali ule ulikuwa wa mtu ambaye wakati huo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya shamba la mihogo.

Hata hivyo Mhina hakukamatwa porini. Alikamatwa mlangoni pa zahanati, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni na homa kali. Pale mlangoni alisimama tarishi, naye aliomba risiti ya kodi kwa kila mwanamume aliyefika. Mhina hakuwa nayo. Mtoto alipewa mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, na Mhina akaondolewa palepale, akaenda kuponda mawe ya barabara masika nzima. Mtoto alipona. Baba alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka alipokufa.

Kutokana na jambo hilo nyumba yao ilipata sheria moja, na watoto walifundishwa kama wengine wanavyofundishwa kutochungulia kisima: usisimame mbele ya meza yoyote ya serikali kabla hujasafisha karatasi zako. Karatasi kwanza, shida baadaye. Mwaija hakuiona kuwa hofu. Aliiona kuwa akili ya kawaida ya mtu mzima.

Baada ya Uhuru aliolewa na Mbaruku, mtu wa Kwamsisi, mrefu, mwenye kicheko cha haraka na mkono wa haraka zaidi. Mbaruku alikuwa akikata mkonge katika shamba moja lililo chini ya Mazinde, lile ambalo watu wa kambini waliliita Shamba la Chini. Alimleta mkewe huko, katika chumba kimoja cha safu ya vyumba kumi vilivyopakwa chokaa. Miaka michache baadaye, mahindi yalipokauka Kwedizinga mara mbili mfululizo, Athuman, mdogo wake Mwaija, naye alikuja na shuka lake.

Kazi ya mkonge ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye jina la mtu mmoja, na kila siku mtu huyo alipomaliza matita yake ya majani, nyapara aliitia alama. Siku zilipojaa, alilipwa. Jina kwenye kadi lilikuwa moja, lakini mikono iliyoijaza kadi haikuwa lazima iwe ya mtu mmoja. Mume alikata, mke alifunga, shemeji alibeba matita hadi kwenye reli ya toroli. Watu wa Handeni walifanya hivyo tangu zamani za mzungu, na nyapara aliwaona kila siku na hakusema neno, kwa kuwa kinu cha korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, kilitaka majani na hakikuuliza yamekatwa na nani. Kipande cha Mbaruku kilikuwa na watu watatu. Mwaija alifika shambani baada ya kuchota maji na kunyonyesha, akaondoka kabla ya wengine ili awashe moto. Kazi yake ilikuwa kufyeka mwiba wa ncha kwenye kila jani na kufunga matita. Kwa kuwa jina lake halikuwa popote, hakuna aliyempima kwa saa. Siku mtoto alipoumwa, alikaa nyumbani, na siku hiyo ilihesabiwa vilevile.

Shamba lilipochukuliwa na serikali, meneja mzungu aliondoka na dirisha la malipo likabaki. Kodi nazo zilibaki, tena zimechanganyika. Kulikuwa na ya halmashauri, na ya serikali kuu, na nyingine ambayo hakuna kambini aliyeweza kueleza ni ya nani. Nyingi zilikadiriwa kwa macho. Wakadiriaji walipita wakitazama nani ana bati, nani ana redio, nani ana baiskeli. Mwaka mmoja kambi nzima ilificha baiskeli zake katika kibanda cha Mepukori, mlinzi Mmasai wa lango la pili. Wakadiriaji wakaingia humo kuomba maji ya kunywa, wakamkuta mzee huyo amekaa katikati ya baiskeli tisa, naye hajui kupanda hata moja. Walimwandika kuwa mfanyabiashara.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1974, waraka wa kurahisisha mambo ulipofika, ulipokewa kwa furaha ya kweli. Aliyeusoma ni Ernesti, karani wa malipo, kijana wa milimani aliyemaliza kidato cha nne na aliyekuwa na adabu. Alisimama juu ya toroli tupu ili aonekane.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "mambo ya kukisiana yamekwisha. Hakuna tena mtu kuja kuhesabu mabati yenu."

"Na baiskeli?" mtu mmoja akauliza.

"Wala baiskeli."

"Mwambieni Mepukori aturudishie!"

Watu walicheka mpaka Ernesti naye akacheka. Alipopata nafasi aliendelea. Tangu sasa, alisema, shambani kuna watu wa aina mbili tu, mwajiriwa na kontrakta. Mwajiriwa ana kipande chake, anafanya kazi yake mwenyewe, na kodi inakatwa dirishani kwa jedwali moja lililobandikwa ukutani. Mwenye kupata kidogo hakatwi kitu. Kontrakta ni mtu anayeleta watu wake. Shamba linamlipa yeye, yeye anajuana nao, na anakatwa fungu moja tu lisilobadilika. Hakuna risiti tatutatu. Hakuna kujificha.

Mwaija alikuwa amesimama upande wa wanawake, mtoto wake Mwantumu akiwa mgongoni. Alimkumbuka baba yake amelala kwenye mihogo. Alitamani angekuwapo asikie kijana wa ofisi akisema mbele ya watu mia kwamba hakuna kujificha.

Chini ya waraka kulikuwa na aya nyingine, na Ernesti aliisoma pia, bila kuruka neno. "Kontrakta atajitegemea katika makazi, matibabu na mengineyo yahusuyo watu wake." Alipofika kwenye kujitegemea watu walipiga makofi, kwa sababu miaka ile mkutanoni neno hilo lilipigiwa makofi popote lilipotokea.

Wiki hiyo Ernesti alipita kambini na meza ndogo, nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Mbaruku alifungua kadi zake akazitazama kidogo.

"Ndugu Mbaruku, kipande chako kinajaa kabla ya cha mtu yeyote. Wewe una mikono mingapi?"

"Miwili kama wewe, bwana karani. Ila yangu inafanya kazi."

"Nyapara anasema mko watatu."

"Tuko watatu. Mimi, shemeji yangu huyu, na mama wa nyumbani kwangu."

"Basi nisikilize vizuri." Ernesti aliweka kalamu chini. "Nikikuandika mwajiriwa peke yako, matita yote haya yatakuwa yako. Jedwali litakuona tajiri. Utakatwa kama mimi."

"Kama wewe! Mungu aniepushe."

"Nikiwaandika kila mtu na kipande chake, huenda msikatwe kitu. Wote watatu."

"Kitu gani?"

"Hakuna kitu. Sifuri."

Mbaruku alimtazama Athuman, na Athuman akatazama chini ili asicheke. Hakuna kati yao aliyewahi kusikia ofisi ikiandika jina la mtu kwa nia ya kutomchukulia chochote.

"Na mama asipotimiza matita yake kwa siku?" Mbaruku aliuliza.

"Siku hiyo haihesabiwi."

"Na mtoto akiumwa?"

"Haihesabiwi, ndugu yangu. Kipande ni cha mtu."

"Basi niandike kontrakta."

"Umesikia masharti? Nyumba hii mtaruhusiwa kukaa mpaka mwisho wa mwaka. Na matibabu..."

"Nimesikia. Kujitegemea. Mimi najitegemea tangu sijaota meno."

Ernesti aliandika. Mwaija alikuwa hatua chache kutoka mezani, anapepeta mchele, na alisikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza. Lakini angeulizwa angejibu vilevile: kipande chake mwenyewe kingemfunga shambani tangu alfajiri, na nani angechota maji? Hilo ndilo alilolisema maisha yake yote kila mtu alipotaka kumtupia Mbaruku lawama.

Kambini walipata la kuchekea kwa mwezi mzima. "Shikamoo, kontrakta!" watu wazima kuliko Mbaruku walimwamkia. "Marahaba, wanangu," naye alijibu, akiwa amebeba tita begani. Jirani mmoja alimwuliza Mwaija kisimani, "Na wewe, mama Mwantumu, mwajiri wako anakulipaje?"

"Kwa kukoroma," Mwaija alisema. "Usiku kucha, bila kukata kodi."

Makato yalikuwa madogo kweli. Kwa vipande viwili Mbaruku alirudi kutoka dirishani akisifu serikali.

Masika ilipoanza, majani yaliteleza. Asubuhi moja Mwaija alishika jani kwa mkono wa kushoto ili afyeke ncha yake kama alivyofyeka maelfu mengine. Jani jingine, lililokuwa limebanwa chini ya goti lake, lilichomoka na kuruka juu. Alisikia kitu kama kofi dogo. Hakulia. Alikaa chini katikati ya safu na kusema, "Athuman, njoo unitazame jichoni."

Athuman aliutazama mwiba, mweusi, mfupi, umesimama katika jicho la kushoto, akautoa kwa kucha kabla hajafikiri. Utomvu wa mkonge ulikwisha kuingia. Mwaija alijikamua maziwa yake mwenyewe kwenye kiganja, akayadondosha jichoni, kama mama yake alivyowafanyia watoto wenye macho mekundu. Maumivu yalipungua kwa muda, akafunga matita mengine mawili. Jioni kope zilikuwa zimevimba hata hazifunguki.

Dresa wa shamba aliitwa Paulo, mtu wa makamo aliyekuwa ameosha vidonda vya mkonge tangu ujana wake. Kesho yake asubuhi alimulika jicho kwa tochi, akamulika tena.

"Hili si la kuosha tu," alisema. "Mwiba umeingia ndani. Gari la shamba linapeleka wagonjwa Korogwe leo hii. Lete kipande."

Mbaruku alimpa. Paulo aliigeuza kadi, akasoma juu yake.

"Wewe ni kontrakta."

"Ndiyo."

"Na huyu ni mtu wako."

"Huyu ni mke wangu, Paulo. Si ulikula ubwabwa wa harusi yetu?"

"Nyumbani ni mkeo. Hapa ni mtu wako. Gari linachukua waajiriwa na jamaa zao. Mtu wa kontrakta hupelekwa na kontrakta."

"Kontrakta si ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Basi mpeleke." Paulo aliosha jicho kwa maji ya chumvi, akalifunika kwa kitambaa safi, kisha akashusha sauti. "Panda basi leo, Mbaruku. Hospitali ya wilaya haimfukuzi mtu." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata kanuni, aliongeza lile lililompasa kuongeza: "Halafu taarifa ya ajali utaiandika ofisini. Wewe ndiye mwajiri. Mtu wako ameumia kazini."

Walitoka nje. Gari la shamba lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mbaruku alimfuata dereva, Eliasi, ambaye walikuwa wakicheza naye bao kila Jumapili, akaongea naye dirishani. Eliasi alitikisa kichwa, akasema jambo kuhusu orodha, akatikisa kichwa tena. Gari liliondoka na wagonjwa watatu nyuma na nafasi ya wengine kumi.

Chumbani, Mbaruku alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa. Neno mwajiri lilikuwa limemwingia vibaya. Kambini ilisemwa kwamba kontrakta mmoja wa upande wa Mombo, ambaye mtu wake alikanyagwa na toroli, aliitwa Korogwe kuulizwa maswali na hajarudi. Jina lake hakuna aliyelijua. Hadithi ilikuwa hivyo tu, bila jina, na kila mtu aliiamini.

"Tukifika hospitali wataandika," Mbaruku alisema. "Wataandika huyu ni nani, kaumia wapi, mwajiri wake nani. Taarifa yangu haipo. Karatasi zangu hazijakaa sawa. Nitashikwa palepale."

"Nani akushike, shemeji?" Athuman alisema. "Yale yalikuwa ya Mwingereza."

"Meza ni ileile."

"Jicho haliwezi kukaa linasubiri karatasi."

"Na nikishikwa, huyu nani atamtazama? Wewe? Utakata peke yako ulishe watu wangapi?" Mbaruku alisimama. "Nakwenda kwa Ernesti anirudishe kuwa mwajiriwa. Ni neno moja tu kwenye kadi. Gari la keshokutwa atapanda kama mke wa mfanyakazi, na mambo yatakuwa safi."

Athuman aligeuka kwa dada yake. Mwaija alikuwa amelala ubavu, kitambaa kimelowa. Alikuwa na homa. Angeweza kusema neno moja tu na wakapanda basi la saa saba.

"Nyamaza, Athuman," alisema. "Baba alishikwa mlangoni, na mtoto mgongoni. Karatasi kwanza."

Ernesti hakumfukuza Mbaruku. Alimpa kiti. Alimweleza kwamba mtu hubadilishwa aina mwanzo wa kipande kipya, si katikati, kwa sababu makato ya kipande hiki yamekwisha kuingia kwenye fungu la makontrakta. Kwamba kubadilisha katikati kunahitaji sahihi ya meneja. Na kwamba meneja amekwenda Tanga mkutanoni. Alieleza haya kwa upole, akionyesha kila mstari kwa kidole. Mfumo ulikuwa umerahisishwa kwa kuondoa vighairi, yale mambo yasiyofuata kanuni, na hiki kilikuwa kighairi.

Mbaruku alirudi kesho yake, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Meneja alikuwa njiani. Siku iliyofuata mvua ilikata barabara, meneja akalala Korogwe. Barabara ilipofunguka gari la wagonjwa liliondoka tena bila Mwaija, na meneja alikuwa bado hajafika. Mbaruku hakuondoka bencheni hata kula. Aliamini, na hakuwa mjinga kuamini, kwamba anamhangaikia mkewe. Jioni alirudi na maneno ya kutia moyo. "Ernesti ameandika barua tayari. Bado sahihi tu. Amesema mimi nina haki."

Mwaija alisikiliza kutoka gizani. Mlango ulikuwa umezibwa kwa khanga kwa kuwa mwanga ulimchoma. Chini ya kitambaa jicho lilikuwa limeanza kutoa harufu, na aliomba mtoto alazwe upande wa pili. Hakuuliza kuhusu basi. Aliuliza kuhusu sahihi, kila jioni, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Asubuhi moja, Mbaruku akiwa amekwisha kwenda ofisini, Mwantumu alipanda kitandani kutafuta ziwa. Mwaija alimtazama kwa jicho la kulia, lile zima, akaona uso wa mtoto kama unaonekana nyuma ya moshi. Alifumba, akafumbua. Moshi ulikuwa palepale. Hapakuwa na moto chumbani.

Alikaa kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu mwiba umwingie aliita kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Athuman! La pili nalo linakwenda. Nipeleke."

"Na shemeji?"

"Mwache na karatasi yake. Nipeleke nikashikwe mimi."

Waliondoka kwa baiskeli, yeye nyuma akiwa amemshika mdogo wake kiunoni, Mwantumu amebaki kwa jirani. Barabara ilikuwa tope, mara nyingi Athuman alishuka akasukuma. Hawakungoja basi la saa saba pale Mazinde; Mombo walipata jingine lililojaa. Kondakta alipoona kitambaa alimwinua mtu kitini bila kuuliza.

Katika hospitali ya wilaya, Korogwe, kulikuwa na meza mlangoni, na Mwaija alipoiona alisimama. Nyuma ya meza alikaa muuguzi mwenye sweta la bluu, ambaye wagonjwa walimwita Sista Yuditha. Athuman alimsukuma dada yake taratibu mgongoni.

"Jina, mama?"

"Mwaija binti Mhina."

"Umri? Unakotoka?"

Alijibu. Sista Yuditha aliandika, akampa kikaratasi chenye namba. "Chumba cha tatu. Wahi, usikae foleni. Mwambie daktari nimekutuma mimi."

Mwaija hakuondoka. "Ni hayo tu?"

"Ulitaka nini kingine?"

"Karatasi nyingine huhitaji? Mimi ni mtu wa kontrakta. Taarifa ya ajali bado haijaandikwa. Kadi haijabadilishwa."

"Kadi ya nini?"

"Ya kodi."

Sista Yuditha aliinua kichwa. Alidhani mgonjwa ana homa na anaweweseka, na alimjibu kwa sauti ya kubembeleza. "Hapa tunatibu macho, mama. Umeumia lini?"

Athuman ndiye aliyejibu. Muuguzi aliacha kuandika.

"Mnakaa Mazinde," alisema, "na basi linapita pale kila siku."

Athuman alimshika dada yake mkono, wakaenda chumba cha tatu.

Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Jicho la kushoto, alisema, limekwisha kuoza. Hakuna la kuokoa. La kulia linaugua kwa sababu ya lile la kushoto, na njia ya kulinda hilo ni kuliondoa lililokufa, tena leo, na hata hivyo hawezi kuahidi. Wangefika siku ile ya kwanza, au hata ya pili, huenda wasingekuwa wanazungumza haya. Kisha aliuliza mume yuko wapi, kwani angependa naye akubali.

"Yuko ofisini," Mwaija alisema. "Nipe mimi niweke dole."

Mbaruku alifika kesho yake mchana. Mwaija alimsikia kabla hajaingia wodini, akiwaamkia wagonjwa wa ukumbini mmoja mmoja kwa sauti ya mtu mwenye habari njema. Alikuja na gari la shamba. Eliasi alikuwa amemkaribisha mbele.

"Mama Mwantumu!" Alisimama upande wa kushoto wa kitanda, akitweta kidogo. Bendeji ilikuwa nyeupe na safi, naye alifurahi kuiona safi hivyo. "Nimepata. Meneja ametia sahihi asubuhi hii. Mwenyewe, kwa mkono wake. Wamekuandika na wewe. Una kipande chako, Athuman chake, mimi changu. Wamesema inahesabiwa tangu siku ile uliyoumia, kwa hiyo tuko safi kabisa, hakuna wa kutushika. Na Ernesti amepiga hesabu mbele yangu. Kodi hatukatwi. Hata mmoja wetu. Sifuri, kama alivyosema. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hii hapa. Tazama."

Alinyosha karatasi. Mwaija hakugeuka, na mkono wa Mbaruku ulikaa hewani muda mrefu. Athuman, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na ukuta, alisimama akatoka nje.

"Tazama basi," Mbaruku alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Baba Mwantumu," Mwaija alisema, "hapo sikuoni. Zunguka uje upande huu."

Alizunguka kitanda akiwa bado ameishika karatasi mbele yake, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Alipofika upande wa kulia alikaa chini, akaitazama bendeji kutoka huko, akatazama jicho lililobaki likimtafuta usoni, jekundu, linatoka machozi bila kulia. Kisha akauliza, polepole, kama jicho hilo nalo halioni tena.

"Bado naona," Mwaija alisema. "Nakuona mweusi mweusi tu, kama kivuli, lakini najua ni wewe."